Rangi Haikauki kwa Kuombewa

Aisee, watu wengi wanadhani shida ya kusomea uchoraji ni kuchora. Kuchora ndiyo mapumziko. Shida ni kukauka. Mwenzako wa geto anayesomea uhasibu akiambiwa kazi ikusanywe Jumatatu saa mbili asubuhi, anaianza Jumapili baada ya mechi, usiku anachapisha, asubuhi anapiga pasi shati. Wewe ukianza rangi ya mafuta Jumapili baada ya mechi, Jumatatu unakusanya tope. Rangi haijui Jumatatu. Haimjui mkuu wa idara. Hata ukiikeshea kwa maombi, inakutazama tu, inang'aa.

Na washauri sasa! Geto zima lina ushauri. Ianike juani. Isogeze kwenye jiko la mkaa. Kaazime drayeri saluni. Jamani, rangi ya mafuta haina maji ya kutoa. Yale mafuta ya mbegu za kitani ambayo rangi imesagiwa humo yanavuta oksijeni kutoka hewani na kujishikanisha yenyewe kwa yenyewe mpaka yanakuwa ngozi ngumu. Ni kemia, nayo ina mwendo wake. Inachotaka ni mwanga, joto la kawaida na hewa inayopita. Ukiichoma kwa drayeri, juu panafunga ngozi huku chini bado uji, halafu ngozi inajikunja na kupasuka. Ukiisukuma uvunguni isikanyagwe, giza linaichelewesha zaidi na mafuta yanaingia umanjano. Kwa hiyo picha inataka ikae katikati ya chumba, dirishani, mahali pazuri kuliko kitanda chako. Kodi mnalipa watu wanne, anayeishi vizuri ni yeye.

Halafu rangi zenyewe hazipendani. Kahawia ya udongo ina manganizi, na manganizi inaharakisha: tabaka jembamba unaligusa baada ya siku 2 au 3. Nyeupe ya titani inaweza kukuchukulia wiki nzima. Nyeusi nyingi nazo ni wavivu. Sasa mwanafunzi wa Mwanza anapenda kuchora nini? Mawingu juu ya ziwa! Anaipakua nyeupe kwa kisu, nene, Alhamisi, halafu Ijumaa anashangaa. Mwenye akili anachora msingi kwa kahawia iliyopunguzwa na tapentaini, mafuta kidogo kabisa, na kila tabaka linalofuata analitia mafuta mengi kidogo kuliko la chini yake. Ukigeuza utaratibu, la juu linakauka mapema, la chini bado linacheza, na picha inapasuka ikiwa tayari imeshapewa alama. Afadhali hapo. Ikipasuka kabla, ndiyo kesi.

Mkato halali upo mmoja. Msingi wote uchore kwa akriliki, ambayo inakauka maji yakishatoka, dakika 20 au nusu saa, kisha mafuta uyaweke juu kwenye sehemu za kumalizia tu. Usije ukafanya kinyume. Akriliki juu ya mafuta haishiki, itabanduka maganda na utayafagia.

Msiba wa kweli unaanza chupa ya mafuta ya kitani ikiisha na bumu, pesa ya mkopo wa chuo, halijatoka. Akili inakutuma jikoni. Huku kwetu ni ukanda wa pamba, mafuta ya pamba hayapigi chenga, na mafuta si mafuta tu? Siyo! Mafuta ya pamba yanakauka nusu njia, yanakwama kwenye unato. Ya alizeti ni polepole mno. Ya karanga ndiyo usiseme, hayakauki kabisa, picha itakuwa na unyevu mpaka mahafali, na kila vumbi la barabara ya Nyegezi litahamia humo. Hata mafuta ya taa, ambayo kila mtu anayatumia kupunguzia rangi, yana taka nzito zinazobaki na kuchelewesha. Yaoshee brashi tu, kisha brashi uipitishe kwenye sabuni ya mche kiganjani mpaka povu litoke jeupe, uifinye ncha, uilaze. Usiisimamishe kwenye kopo kichwa chini. Zile brashi zilizopinda shingo unazoziona kwa wanafunzi zimelala hivyo usiku kucha.

Basi unaamua kwenda dukani kiungwana. Duka lenye vifaa vya wachoraji ni la kutafuta kwa tochi, kwa hiyo unaishia la vifaa vya ujenzi. "Naomba rangi ya mafuta." Muuzaji anakuuliza ya geti au ya grili. Unasema ya picha. Anafikiri kidogo, anakushauri uchukue lita 4 upate bei ya jumla.

Lakini usimcheke. Edward Saidi Tingatinga, mchoraji aliyefariki mwaka 1972, alianzia pale Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 na rangi za namna hiyo hiyo, za kung'aa, za baiskeli, juu ya vipande vya ubao wa dari. Rangi hiyo ukiipaka jioni, kesho yake inagusika, na kwa mwanafunzi mwenye tarehe ya kukusanya hiyo ni rehema tupu. Ila ina masharti. Haikubali kuchanganywa polepole juu ya picha, inajitandaza yenyewe na kutiririka. Ndiyo maana inafaa rangi bapa na mistari iliyo wazi: unapaka usuli, unaulaza ubao chali usiku, kesho unapaka mnyama, unalaza tena, kesho kutwa madoa. Ukiusimamisha ukutani ukiwa mbichi, twiga anaamka na ndevu.

Kanvasi ya kununua tuiache kwa wenye wazazi Capri Point. Wewe utaitengeneza. Amerikani nzito, mbao za inchi 2 kwa 1 zilizokauka kweli, gundi nyeupe ya mbao na rangi nyeupe ya maji ya ukutani. Kwa picha ya sentimita 60 kwa 80, kitambaa kikate 75 kwa 95. Kabla hujapiga msumari wowote, pima fremu kona hadi kona kwa kamba, mara mbili. Kamba zikitofautiana, fremu imekaa upande, na picha itaning'inia ukutani mithili ya mlevi anayetafuta ufunguo. Msumari wa kwanza piga katikati ya upande, wa pili katikati ya upande wa pili, halafu zile mbili zilizobaki, ndipo uelekee pembeni kila sentimita 5, ukivuta kwa mkono tu. Kwa nini usivute kwa koleo na hasira zote? Kwa sababu amerikani mpya ikilowa gundi inasinyaa, na ikisinyaa kwenye fremu nyembamba inaipinda yenyewe. Wengi hapo ndipo wanapomlaumu seremala.

Gundi sehemu 1, maji sehemu 2, paka koti moja, acha ikauke. Halafu rangi nyeupe sehemu 3 na gundi sehemu 1, makoti mawili, msasa laini katikati. Kipindi cha mvua kila koti linakula nusu siku. Anayeruka hatua ya gundi ataona rangi yake inazama kitambaani, inafifia, na miaka ikienda mafuta yanakiozesha kitambaa chenyewe. Ila kusema kweli, mwanafunzi gani anawaza miaka ikienda? Anawaza Jumatatu.

Bluu ikiisha, na Mwanza bluu ndiyo inayoisha kwanza kwa sababu ya hili ziwa, kuna ile bluu ya kufulia ya unga ya kizamani. Ile ni ultramarini kabisa, rangi ambayo wachoraji wa Ulaya zamani waliisaga kutoka kwenye jiwe la Afghanistan kwa bei ya dhahabu, mpaka Wafaransa walipojua kuitengeneza kiwandani miaka ya 1820. Leo inauzwa dukani kwa Mangi karibu na viberiti. Isage juu ya kioo na tone la maji mpaka isikwaruze, ongeza gundi ya mbao kidogo kidogo, tumia siku hiyo hiyo. Ndimu isiikaribie, asidi inaiua.

Haya, unafanyia wapi kazi yote hii? Ndani. Ndani kuna harufu ya tapentaini, na mwenzako anayesomea sheria ameshaanza kutaja haki zake. Anataka dirisha liwe wazi, na kweli lazima liwe wazi, harufu ile inaumiza kichwa. Ukifungua dirisha usiku na taa inawaka, wanaingia wale wadudu wadogo wa ziwani, wale wanaopaa juu ya maji mchana ukadhani kuna kijiji kinaungua. Mwezi ukiwa mchanga ndiyo wanazidi. Wanaifuata taa, taa iko juu ya picha, picha inanata. Asubuhi una mawingu yenye miguu. Usiwafute wakiwa wabichi, utapaka supu. Waache mpaka rangi ishike, kisha wapangusie kwa brashi kavu, na wabishi watoe kwa ncha ya wembe. Au chukua chandarua chako ufunike picha, wewe ulale na mbu. Kuna watu wanafanya hivyo na wanaona ni kawaida.

Kitu kimoja si cha utani: matambara yenye mafuta ya kitani usiyakunje ukayatupa kwenye kona. Yanapokauka yanazalisha joto, na yakiwa yamerundikana joto halina pa kutokea, yanaweza kuwaka yenyewe, bila kiberiti. Yatandaze nje yakauke moja moja, au yaloweke maji kwenye kopo lenye kifuniko. Geto lenyewe halina bima.

Taa nayo ni mchawi. Umeme ukikatika unawasha tochi ya simu, au ukiwepo una ile balbu ya njano ya mwenye nyumba. Chini ya mwanga wa njano, rangi ya njano na nyeupe zinafanana, kwa hiyo unaongeza njano, unaongeza, unaona bado. Asubuhi jua linatoka, mtumbwi wako umekuwa bajaji. Usiku chora umbo na giza na mwanga tu. Rangi amua mchana.

Basi uende nje, uchore Jiwe la Bismarck, lile la ziwani, kama kila mtu. Nenda kati ya saa moja na saa nne asubuhi. Mchana nchi kavu ikishapata moto, upepo unaingia kutoka ziwani, na kanvasi ya 60 kwa 80 ni tanga kamili, itasafiri kuelekea mjini bila nauli. Ning'iniza mfuko wa mawe chini ya stendi, na mawe Mwanza hatununui. Hayo mawe nayo usiyachanganye kwa nyeusi na nyeupe, yatatoka saruji. Changanya bluu na kahawia upate kijivu chenye uhai, ongeza nyeupe, na upande wa jua weka wekundu kidogo. Anayetaka machweo ajue jua linazama karibu saa moja kasoro, na baada ya hapo una dakika 20 hivi kabla hujaanza kuchora gizani. Rangi zote ziwe zimeshachanganywa kwenye sahani kabla jua halijagusa maji.

Na ukikaa nje tu, umeshakuwa mali ya umma. "Dogo, nichore basi." Bure, akiwa anatembea. Usipomchora, huna kipaji. Ukimchora ukatia nyeusi kwenye uso, analalamika umemfanya mkaa, na ana haki: uso wetu unataka kahawia, wekundu na bluu kivulini, nyeusi inauua. Nyumbani nako mjomba anauliza kila Krismasi kama uchoraji unalipa. Unamweleza kwamba Sam Ntiro alikuwa mchoraji, na baada ya uhuru Tanganyika ikampeleka London kuwa balozi. Mjomba anatafakari, anasema: "Basi si usomee ubalozi moja kwa moja?"

Siku ya kukusanya, picha mbichi inapanda daladala ya Buhongwa. Chukua fremu mbili zenye ukubwa sawa, zielekezane uso kwa uso, kona zote nne weka vipande vya mbao vya sentimita 2, funga kamba. Hapo rangi haigusi kitu. Konda ataidai nauli, mlipe, ina kiti kuliko abiria wengine. Anayebeba wazi mkononi atafika na ziwa nusu, nusu nyingine imeshuka Mkuyuni kwenye koti la mzee wa watu.

Ikishapewa alama, chuo hakina stoo, chukueni kazi zenu. Hapo ndipo mama ntilie anapoingia. Deni la wali maharage limefika mahali pa kuitana pembeni, na yeye anasema yuko tayari kuchukua ile picha ya ziwa, aitundike pale juu ya meza ya soda. Ila mtumbwi utolewe, pawekwe sato wa kukaanga. Sato akiwekwa, ni mdogo, wateja watasema wanapunjwa. Akikuzwa, ndimu iko wapi? Ndimu ikishawekwa, anarudi nyuma hatua mbili, anaegemeza kichwa, anaridhika. Kimebaki kitu kimoja tu. "Mwanangu, hapo kwenye mawingu pamebaki wazi sana. Niandikie KUKOPA HARUSI, KULIPA MATANGA. Herufi kubwa, na wewe uisome."