Uzi umeniishia kwenye kiwiko

Masweta ya watoto wachanga nilikuwa namaliza moja kwa wiki, nikajiona fundi. Sasa nimejitia kumfumia baba watoto sweta la vifungo, maana baridi ya Njombe mwezi wa saba haina utani. Jamani! Mgongo peke yake vitanzi 120, mstari hauishi. Haya, nikavumilia. Mkono wa pili uko nusu, uzi kwisha! Narudi dukani, muuzaji ananiambia, "Mama, si bluu ileile?" Ileile wapi! Kwenye lebo namba ya rangi ni moja, ila umetiwa rangi mkupuo mwingine. Kuanzia kwenye kiwiko sweta linaonekana limefuliwa mwaka mzima. Na mwenyewe kila jioni: "Bado tu?"