Mahamri na mbaazi hazijakufilisi, acha kuzisingizia

Kila nikishika simu nakutana na mtu ananieleza nikitaka kuweka akiba niache kula nje, nipike nyumbani, nibebe chakula cha mchana kwa kontena, sijui nini na nini, na anayesema hivyo ukichungulia nyuma yake kwenye video unaona friji na oveni. Mimi nakaa chumba kimoja Kisauni, hapa Mombasa. Asubuhi nakula mahamri matatu na mbaazi kwa mama mmoja hapa nje ya ploti, bob sabini, na nimeshiba mpaka saa nane mchana. Sasa niambie, mbaazi niziroweke usiku, nazi nikune saa ngapi, zichemke masaa mangapi kwa gesi ya nani, yote hayo nile sahani moja peke yangu? Na nilijaribu wallahi. Siku ya pili zikachacha (si unajua joto letu) nikamwaga sufuria nzima, nikarudi kwa mama na aibu yangu, akanicheka akaniongeza hamri moja.

Sio kwamba nilikua na pesa. Nilikua naishiwa tarehe kumi na tano kama kila mtu. Siku moja nikaenda kumuona mama mdogo Mji wa Kale, nikamlilia anikopeshe, akaniambia kabla sijakukopesha hebu nione pesa zaenda wapi. Nikavuta statement ya M-Pesa, tukakaa nayo barazani, yeye na miwani yake anasoma mstari kwa mstari kama anasahihisha mtihani. Akasimama katikati. "Mwanangu, wewe kila siku watoa mia mbili, kwani pesa waziogopa?"

Tukahesabu. Mwezi ule nilikua nimetoa mia mbili kwa wakala mara 22. Na ada ya kutoa, kama hujawahi kuangalia, kuanzia 101 mpaka 2,500 ni ileile bob 29. Yaani ukitoa mia mbili unakatwa 29, ukitoa elfu mbili na mia tano unakatwa 29. Mara 22 ni bob 638 nimelipa ili nipewe pesa zangu mwenyewe! Zile 4,400 ningetoa kwa mara mbili ningekatwa 58 na hadithi ikaisha hapo. Kinachouma zaidi ni kwamba kutuma pesa mpaka mia moja ni bure, kwa hivyo zile sabini za mahamri ningemtumia mama kwa simu nisikatwe hata ndururu, na ukilipa kwa till, ile namba ya M-Pesa ya duka, pia mteja hakatwi. Mimi nilikua natoa mia mbili kila siku nikidhani ndio nidhamu, eti nikiwa na kidogo mfukoni nitatumia kidogo.

Tangu siku hiyo nikaanza kuona kitu kimoja kila mahali, vitu vya kidogo kidogo ndivyo ghali. Mafuta ya kupima ya thelathini, sukari robo, makaa ya kopo, bando la siku moja. Kila kimoja ukikiangalia ni rahisi ndio maana hukishtukii, lakini ukipiga hesabu ya mwezi kilo yako ya sukari ni ghali kuliko ya mtu wa Nyali kule kwa matajiri. Maskini ndio analipa bei ya juu, na akilalamika anaambiwa aache chai.

Dawa yake sio kuwa na pesa nyingi, ni kuchangana. Sisi ploti hii tuko watatu, Jumamosi moja kwa mwezi tunaenda soko la Kongowea alfajiri kabla jua halijawaka, tunanunua kwa jumla tunagawana hapa mlangoni na mizani ya kuazima. Mara ya kwanza tulijiona wajanja tukachukua na kreti la nyanya, juu zinang'aa hizo, chini uji mtupu, na hata zile nzima tatu tatu kila siku zikawa zinaoza tunaziangalia. Kwa hivyo sasa tunachukua mchele, vitunguu, viazi na nazi, vitu vya kukaa. Nyanya naendelea kununua za kumi kwa mama mboga na sioni haya, hapo kidogo kidogo ndio akili.

Maji nayo. Kama ploti yenu ina kisima cha maji ya chumvi, fulia nayo, osha nayo choo, deki nayo, yale matamu ya mkokoteni weka ya kupikia na kunywa. Kuna jamaa hapa alikua anapiga deki na maji ya mtungi wa kununua, nikamuuliza kaka wewe ni mfalme ama vipi. Sabuni haitoi povu kwa maji ya chumvi, najua, utazoea.

Usafiri sitasema mengi. Watu wa kutoka nje watakwambia tembea kwa miguu, hawajui jua la Mombasa la saa saba, ukifika kazini shati ni la kukamua. Mimi asubuhi napanda tuktuk ya kuchangia bila kujilaumu, jioni upepo ukishaanza ndio natembea. Rafiki yangu alihamia Likoni kwa sababu kodi ilikua chini na feri kwa mtembea kwa miguu ni bure. Analipa kwa kusimama kwenye foleni. Chagua chako.

Na muguka, yale majani ya kutafuna, vijana wenzangu, sisemi mambo ya afya, hayo kaunti walijaribu 2024 kupiga marufuku na mahakama ikasimamisha, mimi nahesabu tu: ya hamsini kila jioni ni 1,500 kwa mwezi, kabla hujaweka soda na njugu. Afadhali mbaazi.

Lakini kilichonikausha kabisa kuliko vyote hivi ni mkopo wa app. Nilichukua 2,000 nikanunue viatu vya Idd, tena kumi la mwisho la Ramadhan wakati bei zishapanda, badala ya kununua Shaaban kama wenye akili. Ikaingia simuni pungufu, eti ada wanakata mbele. Siku nane baadae nadaiwa 2,000 nzima na zaidi, na nilipochelewa siku moja wakampigia bosi wangu. Bosi! Viatu vyenyewe vilinibana.

Kuweka sasa. Kuna wanaofunga pesa kwa M-Shwari, akaunti ya akiba ya kwenye M-Pesa, kuna wa MMF, ile mifuko ya uwekezaji (money market fund) ambapo faida unapata na serikali inakata 15% ya hiyo faida, zote sawa, mimi nimejaribu ya simu na nikijua pesa iko hapo saa tano usiku naitoa. Kilichonisaidia ni mchezo wa mama mdogo na shoga zake, ule wa kuchanga kila mwezi na kupokea kwa zamu. Watu wanane, elfu tatu kila mwezi, mimi ndio mwanamume peke yangu na ndio mdogo. App ukiitoroka inakutumia meseji, hawa wamama ukichelewa siku moja habari imefika mpaka Lamu.

Zamu yangu ni mwezi ujao, elfu ishirini na nne. Washajitokeza watu watatu wanataka niwakopeshe, na wa kwanza kupiga simu alikua mama mdogo.