collectd: tuwashe plagini zote au chache?

Ukisakinisha collectd, programu ya kupima hali ya seva, kwenye Debian (aina mojawapo ya Linux) bila kugusa chochote, itaanza kutafuta betri hata kama seva yako haijawahi kuwa nayo. Faili la mipangilio, /etc/collectd/collectd.conf, huja na plagini ya battery (plagini ni kipande cha nyongeza cha programu) ikiwa imeshawashwa, sambamba na cpu, df, disk, entropy, interface, irq, load, memory, processes, swap na users. Hapo ndipo wasimamizi wa seva wanapogawanyika. Wapo wanaoiacha orodha hiyo na kuiongezea, na wapo wanaoifuta yote na kuwasha tatu au nne tu.

Kwa asiyeijua, collectd ni programu iliyoanzishwa na Florian Forster mwaka 2005, imeandikwa kwa lugha ya C, na hukaa kimya ndani ya seva ikisoma hali ya mfumo kila baada ya sekunde 10. Yenyewe haipimi kitu. Kila kipimo kina plagini yake, na hata kuandika matokeo kwenye diski au kuyatuma kwenye seva nyingine ni kazi ya plagini.

Wanaotaka kuwasha nyingi wana hoja nzito, na naikubali. Kipimo ambacho hakikuchukuliwa jana hakipatikani leo. Hifadhidata ikizorota saa tisa usiku na plagini ya disk ilikuwa imezimwa, asubuhi hutajua kama maombi yalikuwa yanapanga foleni kwenye diski au tatizo lilikuwa kwingine. Utabaki kubahatisha mpaka lijirudie. Tena kusoma kwenyewe ni rahisi sana. Plagini nyingi za Linux hufungua tu faili la /proc (saraka ambamo Linux huonyesha hali yake), huchukua namba na kufunga.

Gharama iko upande wa kuandika. Plagini ya cpu, ikiachwa ilivyo, hupima kila kiini cha prosesa peke yake, na kila kiini kina hali 8: user, system, wait, idle na nyinginezo. Seva yenye viini 32 inakupa mafaili 256 ya RRD, yaani mafaili yanayohifadhi historia ya vipimo. Kwa mpangilio wa kawaida, kila faili lina vipindi 5 vya historia, kila kipindi kina safu 1,200, na kila safu huwekwa mara tatu: wastani, kima cha chini na kima cha juu. Hiyo ni takriban kilobaiti 144 kwa faili, karibu megabaiti 37 kwa CPU peke yake. Nafasi yenyewe ni ndogo. Kinachoumiza ni maandishi madogo madogo yanayotawanyika kwenye mamia ya mafaili. Kwenye mipangilio ya plagini hiyo, ukiweka ReportByCpu kuwa false na ValuesPercentage kuwa true, mafaili 256 yanakuwa 8, na grafu inasomeka kwa asilimia. Kwa seva nyingi hakuna anayekikumbuka kiini namba 17 hata siku moja.

Ndiyo maana naona ubishi wa nyingi au chache unatazama mstari usio sahihi. LoadPlugin, mstari unaowasha plagini, unaamua kidogo sana. Kinachoamua ni yale unayoandika ndani ya mabano ya Plugin, yaani mipangilio ya plagini husika, na hapo wengi hawafiki.

Chukua seva inayoendesha Docker, mfumo unaoendesha programu ndani ya visanduku vilivyotengwa viitwavyo kontena. Kila kontena linapowaka, huzaliwa kiunganishi cha mtandao chenye jina linaloanza na veth na herufi za kubahatisha. Plagini ya interface inakiona, inakifungulia mafaili manne (baiti, pakiti, makosa na zilizodondoshwa), na kila moja hubeba zinazoingia na zinazotoka. Hapo ni zaidi ya megabaiti moja kwa kontena lililoishi labda dakika mbili, na kontena likifa mafaili yanabaki. Dawa ni mistari miwili: Interface "/^veth/" na IgnoreSelected true. Plagini imebaki imewashwa, na mzigo umeondoka.

IgnoreSelected inastahili kufikiriwa kwa makini kuliko kipengele kingine chochote. Ikiwa false, unapima ulivyovitaja tu. Ikiwa true, unapima vyote isipokuwa ulivyovitaja. Wapenda uchache huchagua njia ya kwanza kwa sababu ni safi. Kwa df, plagini inayopima nafasi ya diski, mimi naipinga. Ukitaja "/" na "/var" pekee, halafu mwezi ujao mwenzako akaunganisha diski mpya kwenye /data, diski hiyo itajaa bila grafu hata moja kuonyesha. Afadhali kuondoa aina za mifumo ya mafaili usizozitaka: tmpfs, overlay, squashfs, na hasa nfs (mafaili yaliyo kwenye seva nyingine, yanayosomwa kupitia mtandao). Seva ya NFS ikikwama, df inaweza kuning'inia ikisubiri jibu, na uzi (thread) mmoja kati ya nyuzi 5 za kusoma ambazo collectd inazo ukapotea nayo. Kwa interface pia njia ya kuondoa ndiyo salama. Kwa processes mambo ni kinyume: taja programu unazozijali kwa majina, la sivyo utaambulia jumla tu.

Kuna uamuzi mmoja ambao hauvumilii kuahirishwa, nao ni Interval, yaani muda kati ya kipimo na kipimo. Mwongozo wa collectd unaonya waziwazi kwamba ukiibadilisha baadaye utalazimika kufuta mafaili yote ya RRD, au uwe fundi hasa wa RRDtool, programu inayosimamia mafaili hayo. Plagini unaweza kuongeza wakati wowote. Interval uiamue siku ya kwanza.

Entropy, inayopima akiba ya ubahatishaji ambayo Linux hutumia kutengeneza namba za siri, naizima bila kusita. Kuanzia kerneli (kiini cha Linux) 5.18 ya mwaka 2022, Linux ikishawaka hurudisha 256 tu kwa kipimo hicho, kwa hiyo grafu ni mstari ulionyooka. Battery nayo haina kazi kwenye seva. Disk, load, memory na swap naziacha hata kama hakuna aliyeziomba, kwa ile hoja ya saa tisa usiku.

Mahali ninapowapa wapenda uchache haki yote ni kwenye ruta za OpenWrt, mfumo wa Linux wa ruta. Huko mafaili ya RRD kwa kawaida hukaa /tmp, yaani ndani ya RAM, na ruta ndogo huwa na megabaiti 64 au 128 kwa shughuli zote. Kila kipimo kinakula kumbukumbu ileile inayohitajika kupitisha pakiti za wateja, na ruta ikizimika historia yote inafutika. Kwenye kifaa cha namna hiyo, interface na load zinatosha. Vingine vitumwe kwa plagini ya network kwenda seva yenye diski, kupitia UDP lango 25826, na SecurityLevel iwekwe Encrypt kama njia inapita intaneti ya wazi.