Herufi Nne za Ijumaa

Naona mweka hazina wetu ameshawasimulia hapa kwamba tangazo nililolisahihisha lilizua fujo, nikarushiwa kandambili kibao. Kwanza nisahihishe: hazikuwa kibao. Ilikuwa kandambili moja, na haikunilenga mimi. Hayo mengine, ole wangu, ni kweli.

Mnaonifuata hapa mnaujua ugonjwa wangu: sipiti penye Kiingereza kibovu nikanyamaza. Basi Ijumaa jioni mwenyekiti wa SACCO yetu, chama cha akiba na mikopo, hapa Busia upande wa Uganda, akaniletea tangazo nilipitie kabla halijaingia kwenye grupu ya WhatsApp. Mistari mitatu tu. Wa mwisho ulisema mkopaji atarejesha "principle and interest". Nikacheka peke yangu. "Principle" ni kanuni, jambo unaloliamini. Fedha uliyokopa, kabla ya riba, ni "principal". Ukiandika lile la kwanza umemwambia muuza mukene, dagaa wetu wa ziwani, arudishe msimamo wake wa maisha, na riba juu. Nikasahihisha, nikajipa maksi.

Mstari wa kwanza ulisema: "The SACCO will borrow members up to 2 million shillings each." Alitaka kusema SACCO itawakopesha wanachama. Jicho likaniwasha. Sababu naijua hata usingizini: "lend", yaani kukopesha, hubeba mtu na kitu kwa pamoja, "lend me a pen", mambo yakaisha. "Borrow", yaani kukopa, haibebi hivyo. Ukitaka kumtaja mwenye mali lazima uweke "from". Mganga mwenye akili angebadilisha kitenzi. Mimi nikachomeka "from".

Someni tena, taratibu. "The SACCO will borrow from members up to 2 million shillings each." Na mstari wa pili, ambao haukuwa na kosa lolote: "Come on Monday with your passbook."

Nilinasa mukene, nikaachia mbuta, yule sangara mkubwa, apite.

Kinachoniuma ni kwamba mwenyekiti angeachwa na kosa lake tungekuwa salama. "Borrow me your phone" tunaisikia kuanzia darasani mpaka kwenye teksi, na kila mtu anajua simu inatoka kwa nani. Sisi Waswahili tuna lawama yetu, maana "azima" inakwenda pande zote mbili: niazime jembe, nimeazima jembe. Ila kwenye fedha hatuna kisingizio. Kukopa ni kupokea, kukopesha ni kutoa, na Luganda nayo iko wazi: okuwola unatoa, okwewola unapokea. Usahihi wangu ndio ulioleta balaa.

Jumatatu saa mbili na nusu foleni ilikuwa imefika duka la saruji. Nikadhani ni wakopaji. Nikapita nikisalimia kama mgombea ubunge.

Mama wa mukene, wa kwanza dirishani, hakuitikia. Aliweka kitabu chake cha akiba mezani, akakigeuza kinitazame, akakinyoosha kwa kiganja kilichojaa magamba.

"Toa zote."

"Zote, mama?"

"Zote. Mtu mzima na ofisi yake anataka kunikopa mimi?"

Nikacheka. (Kwa nini nilicheka? Msiniulize.) "Mama, sisi ndio tunaokukopesha wewe."

Ndipo akasogea mzee mmoja kutoka nyuma. Mwalimu mstaafu. Alinifundisha Kiingereza darasa la sita, P.6. Akavaa miwani. Akaisogeza simu mbali, akaivuta karibu, akaanza kusoma kwa sauti, neno moja moja, kama anatoa imla. Alipofika "from" akanyamaza. Foleni nzima ikanyamaza naye. Akanitazama juu ya miwani.

"From," akarudia. "Nani anatoa, kijana?"

"Wanachama, mwalimu."

"Nani anapokea?"

"SACCO, mwalimu."

"Kaa chini."

Na mimi, mtu mwenye watoto watatu, nikakaa.

Kandambili iliruka hapo, ikamfuata mwenyekiti.

Mengine nayapitia mbiombio: fedha za dirishani ziliisha saa nne, tukakimbilia benki, likatoka tangazo jipya kwa Kiswahili, "SACCO itawakopesha wanachama hadi shilingi milioni 2", na hakuna aliyeuliza swali. Jioni wengi walikuwa wamerudisha walichotoa.

Wenzangu mnaoandikia vikundi matangazo, fanyeni jambo ambalo sikulifanya: toeni "borrow" muweke "take", toeni "lend" muweke "give", kisha msome upya. "Take from members" ingenistua hata nikiwa na usingizi. Na kabla hamjanivamia kwenye maoni: wakati uliopita ni "lent". Hakuna "lended".

Mama wa mukene hajarudisha hata shilingi. Amesema nikitaka kumkopa nimfuate sokoni, na nisisahau kitabu changu.