Vipimo vya ziwa viwekwe mwaloni

Huku Ujerumani, kila ufukwe rasmi wa kuogelea lazima uwe na ubao. Ule wa ziwa nililo karibu nalo, pembezoni mwa Berlin, umesimikwa pale watu wanapovulia viatu. Unakuta tarehe ya sampuli, kiasi cha bakteria wa kinyesi waliopatikana, na daraja la maji. Madaraja ni manne, na kwa sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2006, ufukwe ukishika daraja la chini kabisa miaka 5 mfululizo, kuogelea hapo kunapigwa marufuku ya kudumu, au watu wanashauriwa moja kwa moja wasiogelee. Wazazi husoma kwanza, ndipo wanawaachia watoto.

Mimi nimekulia Kirumba, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Ziwani tulioga, tulifua, tulichota, na hakuna aliyetuambia maji yale yana nini. Kichocho tulikijua pale mtoto alipokojoa damu.

Sisemi kwamba nyumbani Tanzania hakuna wanaopima. Sisi tulio nje tuna tabia mbaya ya kuongea kana kwamba tumeacha nchi isiyo na wataalamu. TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, wapo Nyegezi, Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria ipo, NEMC, baraza la mazingira la taifa, wana ofisi ya kanda. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka itolewe ripoti ya hali ya mazingira ya nchi, na inampa mwananchi haki ya kupata taarifa hizo. Lakini ripoti ya taifa zima itamsaidia nini dada yangu anayenunua dagaa kwenye mwalo wa Igombe, Mwanza, asubuhi hii?

Chukua mito miwili, mwaka uleule wa 2022. Mwezi Machi maji ya Mto Mara yaligeuka meusi, samaki wakafa. Kamati iliyoundwa na waziri ikasema chanzo ni kinyesi na mkojo wa ng'ombe pamoja na mimea iliyooza. Wengi hawakukubali. Mwezi Agosti samaki wakafa kwa mamia ya tani katika Mto Oder, mpakani mwa Ujerumani na Poland. Huku nako serikali zilivurunda: Wajerumani walilalamika kwamba wenzao walichelewa kuwapa tahadhari, na mwanzoni zebaki ndiyo iliyoshukiwa, kumbe ni mwani wenye sumu uliostawi kwa sababu maji yalizidi chumvi. Hata hivyo, mjini Frankfurt an der Oder kulikuwa na kituo kinachopima maji usiku na mchana, na vipimo vyake viko kwenye intaneti. Mwananchi aliyetaka kubishana na serikali alikuwa na namba za kabla na baada. Mwanakijiji wa Mara aliletewa jibu, akabaki na hiari ya kuliamini au kulikataa. Hilo linaniuma, kwa sababu inawezekana kamati ilikuwa sahihi.

Na taarifa za ziwa si jambo geni kwetu. Wavuvi husikiliza TMA, mamlaka ya hali ya hewa, wanasemaje kuhusu upepo na mawimbi kabla ya kusukuma mtumbwi. Maji nayo yatangazwe hivyohivyo. BMU, vikundi vya wavuvi vya kusimamia rasilimali za uvuvi, zipo mialoni. Ubao uwe hapo, kwa chaki na kwa maneno ya wazi: wiki hii mtoto asioge hapa, maji ya kunywa yachemshwe. Kwa kuanzia, Igombe, mwalo wa Kirumba, na pale Mto Mirongo unapomwaga uchafu wa jiji ziwani.