Bosi wa Mia Nne

Bibi yangu alinipa jina zuri, lipo hadi kwenye kitambulisho, ila mjini hapa halina kazi. Tangu kunakucha naitwa bosi.

Jana nipo kwenye daladala, nimesimama kwa mguu mmoja, kwapa la mtu liko puani. Nikatoa elfu moja, nauli mia sita. Konda akaikunja noti kwa urefu, akaibana katikati ya vidole, akasema, "Bosi wangu, chenji yako hapo mbele." Jamani, konda akishakuita bosi, hiyo mia nne isomee dua. Heri akuite "we mzee," utairudishiwa hata kwa kutupiwa.

Mpwa wangu anayesomea lugha ndiye aliyenimaliza. Eti neno lenyewe Waingereza wa Marekani walilitoa kwa Waholanzi, wao wakisema baas. New York ilikuwa yao hao Waholanzi, ikiitwa New Amsterdam, mpaka Waingereza walipowapokonya mwaka 1664. Baadaye vibarua weupe wa kule wakaona kumwita mwajiri "bwana" ni kujishusha hadi kwa watumwa, wakakimbilia hilo la Kiholanzi. Wenzetu walilitafuta ili wasinyanyasike, mimi ndilo ninaloibiwa nalo! Na Afrika Kusini baas hiyohiyo Mwafrika alitakiwa amwamkie nayo Mzungu, kofia mkononi.

New York hiyohiyo ikaja kupata mwanasiasa, William Tweed, Bosi Tweed, aliyekomba fedha za jiji hadi akafia jela mwaka 1878. Huyo angalau aliitwa bosi hela zikiwepo.

"Ila mjomba," mpwa akaendelea, "Waingereza wana bosi nyingine, ile nundu ya katikati ya ngao. Imetoka Kifaransa cha zamani, wala si ndugu na hii." Nikamwambia basi hiyo ndiyo yangu, maana kazi yake ni kupokea marungu.

Fundi simu ananiita bosi, simu ina wiki tatu kwake. Muuza mitumba bosi, shati likifuliwa mara moja linamfaa mtoto.

Mwenye nyumba peke yake haniiti bosi. Yeye kila tarehe moja anasimama uani, ananiita kwa jina alilonipa bibi, na la baba, na la ukoo, wapangaji wote wakisikia.