Sukari Haimo Kwenye Orodha ya Fundi

Fundi akikuandikia orodha ya vifaa, hasahau kitu. Saruji mifuko 40, mchanga lori moja, kokoto, nondo za milimita 12, waya wa kufungia, misumari ya inchi 4, hata ile kamba ya kunyooshea ukuta ambayo utanunua leo na keshokutwa utaambiwa haionekani. Anaandika mpaka pembeni mwa karatasi. Sasa tafuta humo sukari. Tafuta majani ya chai. Tafuta unga wa sembe. Hakuna! Halafu saa nne kasoro anasimama mlangoni, kofia mkononi, na sauti ya upole ambayo hakuitumia hata mara moja siku ya kupatana bei: "Bosi, vijana hawajapata chochote."

Jamani, hii gharama mbona haisemwi? Ukiuliza siku ya kwanza "chakula juu ya nani?" unaonekana mchoyo. Usipouliza, jibu liko wazi: juu yako. Bora uonekane mchoyo. Uliza mbele ya shahidi, na iandikwe kwenye karatasi ileile ya malipo: chai ipo au haipo, mlo wa mchana upo au haupo, na kwa watu wangapi. Hiyo idadi ndiyo kasheshe yenyewe. Asubuhi ni mafundi wawili na vibarua wawili. Saa nne wamekuwa sita. Wa tano ni kijana aliyeshusha mchanga, eti anasubiri kupumzika kidogo. Wa sita hakuna anayemjua, ila ndiye anayeomba kuongezewa.

Chai ya mafundi nayo ina vipimo vyake. Anayedhani atawapa ile ya wageni, kikombe juu ya kisosi na vijiko viwili vya sukari, ajiandae kwa mgomo baridi. Kwa watu sita chemsha lita 3, maana kila mmoja atapiga vikombe viwili vya robo lita. Majani vijiko vitatu vya chakula, tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba iliyopondwa, na sukari robo kilo. Ndiyo, robo kilo kwa mkao mmoja! Igawanye uone: ni kama vijiko vidogo vitano kwa kila kikombe, na bado atatokea mmoja aonje, amtazame mwenzake, aseme, "Leo mama katupa dawa."

Kwenye vitafunwa, mkate wa kukata usijisumbue. Fundi anakunja vipande vinne kwa pamoja, anavichovya mara moja, kisha anauliza chai inakuja saa ngapi. Kinachokaa tumboni ni mihogo ya kuchemsha, magimbi au viazi vitamu. Kama ni chapati, mbili kwa kichwa; maandazi, matatu. Kilo moja ya unga wa ngano inatoa chapati 10 hadi 12 za ukubwa wa kuheshimika, kwa hiyo watu sita wanaimaliza kilo nzima kabla aliyezipika hajavua kanga ya jikoni. Na usiwalaumu sana. Mtu aliyepandisha mifuko ya saruji ya kilo 50 ghorofani tangu saa moja asubuhi hashibi kwa maneno.

Shida kubwa ni saa ya kuita. Wenye nyumba wengi tunaamini chai ikiiva inaitwa. Thubutu. Kabla hujapaza sauti, muulize fundi swali moja tu: "Umekoroga?" Kama ni fundi wa jipsamu, ile poda nyeupe ya dari, na ndoo yake iko mchanganyikoni, nyamaza, rudi na birika lako. Jipsamu inaganda ndani ya nusu saa, mara nyingi mapema zaidi, na ikiganda inatupwa, haikorogwi upya. Atakayenunua mfuko mwingine unamjua. Fundi wa tailizi ni hivyohivyo. Gundi aliyoipaka sakafuni ikikaa dakika 20 kwenye joto la Dar inafanya ngozi juu. Akirudi kutoka kwenye chai, anapachika tailizi juu ya ngozi hiyo, kwa macho imekaa vizuri kabisa. Baada ya miezi kadhaa ukiigonga kwa kifundo cha kidole inalia ko, ko, ko, na siku mtu akiburuta kitanda inabanduka nzima nzima. Ukimpigia simu anakwambia tailizi ulizonunua zilikuwa za bei rahisi.

Lakini malkia wa matatizo ni siku ya kumwaga zege la slabu, lile tabaka bapa la juu ya kuta. Hapo mlo wa mchana si ukarimu tena, ni sehemu ya uhandisi. Saruji ikishaguswa na maji, saa imeanza kuhesabu. Kwa jua letu, baada ya saa moja hivi mchanganyiko unaanza kukataa kusambazwa. Sasa watu wamemwaga tangu asubuhi, wamefika nusu ya slabu, ugali umeiva, wote wanashuka saa saba. Wanakula, wanajinyoosha, mmoja anatafuta kiberiti, mwingine anapiga simu ndefu ya mkopo. Wanapanda saa tisa kasoro. Ule ukingo waliouacha umeshajifunga. Zege jipya likimwagwa pembeni yake halishikani na la zamani, linabaki mshono, na huo mshono ndio utakaopitisha maji masika, sebuleni, juu kabisa ya kochi.

Na lile zege lililobaki kwenye toroli je? Fundi aliyeshiba analigusa kwa chepe, anaona limekaza, anaita, "Leteni maji!" Ndoo inamwagwa, zege linalainika, kila mtu anafurahi. Limelainika na limeharibika. Yale maji ya ziada yakija kukauka yanaacha vitundu, na nguvu uliyoinunua kwa mifuko yote ile inapungua kwa ndoo moja ya bure.

Siku hiyo, kwa hiyo, watu wanakula kwa zamu, nusu mezani na nusu juu, au wanakula zege likiisha. Katikati wapelekewe uji mzito kwenye vikombe, wanywe wamesimama. Mlo mkubwa uwe tayari lakini usitoe harufu mapema! Kitunguu kikianza kukaangwa saa tano, kasi ya toroli inapungua bila mtu kutoa amri.

Maji ya kunywa nayo watu wanayachukulia kimzaha. Mtu anayefanya kazi nzito juani anahitaji robo lita kila dakika 15 hadi 20. Timu ya zege ya watu 15 ni lita 11 mpaka 15 kwa saa. Lile dumu la lita 20 ulilolipamba kwa barafu haliwatoshi kwa saa mbili za kazi. Likiisha wanahamia kwenye pipa la maji ya ujenzi, lile linalooshewa makarai, na kesho yake unaambiwa vibarua watatu wanaharisha, kazi imesimama. Weka madumu matatu kivulini na kikombe cha kuchotea chenye mpini, ili mkono wenye saruji usizame ndani.

Maana mikono ile! Saruji mbichi ni kali, inakula ngozi, na ugali tunaula kwa vidole. Kumwagia mtu maji kidogo kwa birika hakutoshi. Weka sabuni, na maji yawe ya kutiririka. Beseni moja la watu wote, yule wa nne ananawa uji wa saruji.

Fundi bomba na fundi umeme ni aina nyingine ya mateso. Hawa wanakuja mmoja mmoja, wanakula kidogo, ila wana kipaji cha kukuondolea uwezo wa kuwahudumia kabla hawajaomba. Fundi bomba anafunga koki ya kwenye mita saa tatu, anakata bomba, kisha saa nne anasema koo limekauka. Maji yatoke wapi, kaka? Umeyafunga wewe! Fundi umeme anazima swichi kubwa, friji kimya, jagi la umeme kimya, halafu anauliza kama kuna soda ya baridi. Kabla hao wawili hawajagusa kitu, jaza ndoo mbili na chupa ya chai. Iwe kawaida ya nyumba, usisubiri wakukumbushe, hawatakukumbusha.

Kuna wanaoona njia nyepesi ni kutoa hela ya kula. Hela haina masufuria, kweli. Lakini hela inatembea. Wanaondoka saa saba kwenda kula hapo karibu, na hapo karibu pana televisheni, pana bao, pana fundi mwingine anayewaambia kuna kazi ya haraka mtaa wa pili. Wakirudi ni saa tisa. Wapo pia wanaoitia mfukoni kwa ajili ya nauli, wanafanya kazi na njaa, na saa kumi mwenye njaa anapinda ukuta. Pimamaji haidanganyi, lakini asiyekula haiangalii vizuri.

Nafuu iko kwa mama ntilie wa jirani. Patana naye asubuhi: sahani nne za ugali, maharage na mchicha, zifike saa saba, malipo jioni. Mwambie sahani ya tano hailipwi hata kama mtu amekuja na salamu zako. Ukiamua kupika mwenyewe, kilo moja ya sembe ni ya watu watatu, wakiwa waungwana wanne. Kilo ya maharage makavu ni watu saba au wanane, na yalowekwe tangu usiku, la sivyo mkaa utakaoteketea unazidi bei ya maharage yenyewe. Nyama iache mpaka ujue nani anakula nini na imechinjwa na nani. Maharage hayana ugomvi na mtu. Na fundi wa kupaua asipewe mlima wa ugali halafu apandishwe kwenye kenchi za paa saa nane. Usingizi wa ugali chini ni kukoroma, juu ni kuanguka. Anayedokeza kwamba vijana wangechangamka zaidi na kinywaji kikali, mwambie viroba, ile pombe kali ya pakiti, vilipigwa marufuku mwaka 2017 na ngazi yako haina bima.

Sasa fundi rangi. Huyu haombi chai. Huyu anataka maziwa. Fresh, pakiti nusu lita, kila siku, "ya kutoa sumu, bosi." Ukisita anakohoa. Fundi wa kuchomelea naye akisikia jirani kapewa, anakohoa zaidi. Hebu tuambizane ukweli: harufu ya thina, ile ya kuzimulia rangi, inaingia mapafuni, maziwa yanaingia tumboni, na hizo ni njia mbili zisizokutana. Maziwa ni chakula kizuri, mpe kama unazo, lakini asifunge madirisha akidhani pakiti inamlinda. Kinachomsaidia ni hewa kupita, mapumziko ya nje, na barakoa yenye chujio la mkaa. Ile ya kitambaa haizuii mvuke wa thina hata kidogo. Ukimwambia hayo anakusikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha anauliza, "Kwa hiyo maziwa leo hamna?"

Huyohuyo ndiye adui wa vyombo. Kijiko cha chai kinafungua kopo la rangi. Kikombe kinapimia thina. Na hatari yenyewe hasa: thina inayobaki anaimimina kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa, anaiweka dirishani, pembeni ya chupa nyingine ya maji ya kunywa. Zote nyeupe, zote zina kifuniko cha buluu. Kibarua ametoka juani na kiu yake, anafungua, anapiga funda kubwa. Hapo si kichekesho tena. Asitapishwe, kwa sababu thina ikirudi juu inaweza kuingia mapafuni. Akimbizwe hospitali pamoja na kopo lake. Kwa hiyo chupa za maji zikiisha, zitobolewe au ziondoke site. Na vyombo vya mafundi viwe vyao peke yao, vikombe vya plastiki vya rangi moja, usiku vinalala ndani.

Ramadhani ina utaratibu wake. Timu nyingi za Dar zimechanganyika, mmoja amefunga na mwingine hajafunga. Panga kazi nzito ianze alfajiri na iishe saa saba, zege peleka baada ya Idi kama unaweza. Asiyefunga ale upande wa nyuma, asimtafunie mwenzake muhogo usoni. Aliyefunga hadai chai, hiyo ni kweli, lakini jioni kumfungia tende, kaimati na magimbi mawili ni utu, na wewe bado umetoka nafuu kwenye sukari.

Kufungasha chakula kwenyewe sasa. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, chakula kilichobaki kinaondoka na chombo. Fundi anasema, "Mama, naomba nimpelekee mtoto," nani atakataa? Bakuli linakwenda Jumatatu. Jumanne limesahaulika. Jumatano linakwenda la pili, maana la kwanza lina dagaa za mama mkwe. Kazi ikiisha, hotipoti imebaki mfuniko. Usibishane. Anza mapema kuhifadhi makopo ya majarini na ya aiskrimu, yaoshe, yapange juu ya kabati, na hayo ndiyo yatoke. Makopo ya rangi ya lita 4 hapana, hata yakisuguliwa kwa mchanga yakang'aa. Ila usishangae ukimkuta fundi mwenyewe kashaupakua ubwabwa humo, anakula taratibu kivulini, anakuuliza kama pilipili ipo.